VVU na Simu Inayojibu

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022/23 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 wanaoishi na virusi hivyo Tanzania, takribani 83 wanajua hali zao. Wakishajua, karibu wote huanza dawa, na kwa wengi mno miongoni mwao virusi hufubaa. Kwa hiyo pengo kubwa liko kwenye kupima. Mchuuzi wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hupanga bidhaa alfajiri na kufunga usiku. Saa za kliniki ndizo saa zake za kuuza, na foleni ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo, yaweza kumkutanisha na jirani wa meza. Lakini simu iko mkononi kutwa. Naamini simu hiyo itamfaa zaidi ikitumika kumjibu kuliko kumhubiria.

Kila Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani, kurasa za taasisi hujaa utepe mwekundu, watu hupenda picha, kisha kimya mpaka mwaka ujao. Mwenye hofu ya tendo la jana haulizi hadharani, na hana muda: dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Mabadiliko ya sheria ya 2019 yaliruhusu mtu kujipima na kushusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi hadi miaka 15. Ni hatua kubwa, ila kitendanishi hakiongei. Kikionyesha mistari miwili, majibu hayo si ya mwisho. Lazima yathibitishwe kituoni, na mtu aliye peke yake chumbani anahitaji wa kumwambia hivyo palepale. WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao na wanaojua dawa za kufubaza virusi (ARV) kwa kuzimeza, wanaifaa kazi hiyo kuliko bango lolote.

Watasema mitandao ni kiwanda cha uongo. Ni kweli, ila mwaka 2011, simu janja zikiwa bado za wachache, maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya UKIMWI, kwa shilingi 500, na wapo walioacha ARV. Uongo ulisafiri bila Instagram. Pingamizi la siri ndilo zito. Katika kundi la mtandaoni la watu 200, mmoja akipiga picha ya skrini, habari imefika Mtaa wa Kongo, humo humo Kariakoo, kabla ya chakula cha mchana. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mpimwaji, lakini kesi hairudishi jina lililokwisha kutajwa. Ndiyo maana makundi siyaungi mkono. Mazungumzo yawe ya watu wawili, bila jina. Kwa mpagazi mwenye simu ya kitochi, ujumbe mfupi na namba ya bure vinatosha. Gharama yenyewe ni mshahara wa anayejibu. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada ya nje, miradi mingi iliyotegemea PEPFAR, mpango wa nchi hiyo wa kupambana na UKIMWI, iliamriwa kusimamisha kazi. Bando tungelimudu wenyewe, ila huyo wa kujibu usiku bado hatujamtengea fungu la kutosha.