Kabla Hujanunua RV: Hesabu ya Mwezi Mmoja Arizona

Dada yangu alistaafu uuguzi mwaka jana, baada ya miaka 26 ya zamu za usiku na kukwangua barafu kwenye kioo cha gari kila asubuhi ya kurudi nyumbani Minneapolis, Minnesota. Oktoba akanipigia simu. Yeye na shemeji wameona RV ya futi 32, imetumika kidogo, dola 58,000, na muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nia yao ni kwenda Arizona Januari yote, kwenye risoti ya RV yenye uwanja wa gofu, shemeji acheze naye aote jua. Nikamwambia, dada, nipe siku mbili nikae na kalamu.

Hesabu niliyompelekea ndiyo hii, nimeipanua kidogo kwa faida ya wengine, maana naona wazee wetu wengi waliofanya kazi huku kaskazini wameanza kuuliza swali hilohilo.

RV, kwa asiyeizoea, ni nyumba juu ya magurudumu: ina kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Nyingine ina injini yake, nyingine hukokotwa na pikapu. Kila msimu wa baridi maelfu ya wastaafu wa Marekani na Kanada hushuka nazo hadi Yuma, Mesa, Casa Grande na Apache Junction upande wa Arizona, au bonde la Coachella upande wa California. Wenyeji huwaita kwa jina la ndege wahamao. Sababu ni nyepesi kueleza. Mchana wa Januari Minneapolis joto kwa kawaida halifiki hata nyuzi sifuri, ilhali Yuma hucheza kwenye nyuzi 20 na jua huwaka karibu asilimia 90 ya saa za mchana kwa mwaka. Lakini jangwa halihifadhi joto. Likizama jua, unavaa sweta, na usiku mwingine maji huganda kwenye mpira wa bomba. Hilo nalo lina gharama yake, nitalifikia.

Bei inayobandikwa na risoti ni ya nafasi tu, yaani kipande cha sakafu chenye umeme, maji na bomba la maji taka. Ukilipa kwa usiku mmoja mmoja, umeme huwa ndani ya bei. Ukilipa kwa mwezi, bei ya kila siku hushuka sana, lakini umeme hupimwa kwa mita na unaulipia mwenyewe. Watu wengi hawalijui hili mpaka bili ifike. Chukua hita ndogo ya wati 1,500: ukiiwasha kwa saa nane kila usiku, ni uniti 12 kwa siku, uniti 360 kwa mwezi. Kwa senti 15 uniti moja, hita peke yake imekula dola 54. California umeme ni ghali zaidi. Tena uliza nafasi ina amperi ngapi. Yenye amperi 30 hukupa wati 3,600 tu, kwa hiyo hita, birika la chai na maikrowevu vikiwashwa pamoja vitazima umeme wote. Yenye amperi 50 hukupa zaidi ya mara tatu ya hapo.

Kuna na mtego wa siku. Arizona, kodi ya wageni wa muda mfupi huwaangukia wanaokaa chini ya siku 30 mfululizo. Februari ina siku 28. Ukisema "mwezi" ukimaanisha Februari, unaweza kujikuta unalipa kodi ambayo mwenzako wa Januari halipi. Muulize wa mapokezi swali hili waziwazi, na jibu alitoe kwa maandishi.

Sasa njia zenyewe. Bei za malazi na nauli nilizotumia ni makadirio yangu ya kupigia hesabu kwa watu wawili, siku 30, kutoka Minneapolis. Nawe weka bei utakazopewa.

Njia ya kwanza ni ile ya dada: RV yako mwenyewe. Nafasi kwenye risoti ya gofu nimeiweka dola 1,200, umeme 90, gesi ya kupikia na kupasha joto 60. Halafu barabara. Kwenda na kurudi ni kama maili 3,400, na gari la ukubwa huo huenda maili nane au tisa tu kwa galoni. Hapo unazungumzia galoni 400. Kwa dola 3.30 galoni moja, mafuta ni dola 1,320, kuzidi kodi ya nafasi yenyewe. Ongeza malazi ya njiani usiku nane, dola 400. Jumla 3,070, bila chakula na bila gofu.

Na barabara hiyo ya Januari ina jambo ambalo muuzaji hakumgusia dada yangu. RV iliyolala Minnesota wakati wa baridi huwa imemwagwa maji yote na mabomba yake yamejazwa dawa ya kuzuia kuganda. Huwezi kufungua maji mpaka ufike kusini kwenye joto. Kwa hiyo siku mbili za mwanzo unaendesha nyumba yenye bafu usiloweza kuogea, na usiku unalipia moteli. Ukirudi Februari, unaianza kazi hiyo upya kinyumenyume, kwenye barafu, nyuma ya usukani wa kitu chenye urefu wa basi. Shemeji ana miaka 67 na goti bovu.

Njia ya pili: ndege, kisha kupanga kijumba ndani ya risoti hiyohiyo. Risoti nyingi zina vijumba hivi, vimetengenezwa kiwandani, havizidi futi za mraba 400, vina kibaraza na vyombo vyote vya jikoni. Vinaonekana kama vinahamishika lakini haviendi popote. Kijumba nimekiweka 2,500, nauli ya ndege ya watu wawili 700, gari dogo la kukodi 1,200, umeme 100. Jumla 4,500.

Njia ya tatu, kukodi RV ukishafika Phoenix, nimeipitia haraka, kwa sababu kwa mwezi mzima haiingii akilini. Dola 150 kwa usiku ni 4,500, kisha unalipa nafasi 1,200, umeme 90 na ndege 700. Umefika 6,490, na kwenda dukani kununua maziwa inabidi ung'oe nyumba nzima. Kwa wiki moja ya kujaribu, sawa.

Njia ya nne haina gofu, lakini siwezi kuiacha. Karibu na mji wa Quartzsite, serikali ya Marekani imetenga ardhi ya jangwa iitwayo La Posa kwa wakaaji wa msimu. Kwa miaka mingi kibali cha kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili kimeuzwa dola 180, na cha siku 14 dola 40. Ukichukua viwili vya siku 14 mfululizo umelipa dola 80 kwa majuma manne. Thibitisha bei ya msimu unaokwenda. Utapata mahali pa kumwaga maji taka, mabomba ya maji, mapipa ya taka, na nyota ambazo sijaziona tena tangu nilipolala Same, Tanzania, nikiwa mtoto. Hupati umeme. Unahitaji paneli za sola au jenereta, na tangi la maji unalijaza mwenyewe. Kwa mwenye RV tayari, jumla yangu ni kama 1,950, na kubwa katika hiyo ni mafuta ya safari. Mjini hapo kuna kaburi lenye piramidi ndogo ya mawe na sanamu ya ngamia juu yake. Aliyelala pale ni Haji Ali, mzaliwa wa dola ya Uthmaniya, aliyeletwa mwaka 1856 kulitunzia jeshi la Marekani ngamia wake, akafia Quartzsite mwaka 1902. Wenyeji hawakuweza kutamka jina lake, wakalifanya Hi Jolly. Ukipita, simama umsomee Fatiha.

Rudi kwenye hesabu ya dada. Ukiweka 3,070 kando ya 4,500, RV inaonekana imeshinda kwa dola 1,430. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini na kutia sahihi. Lakini 3,070 ni gharama ya kuitumia, si ya kuwa nayo. Tuseme inapungua thamani dola 4,000 kwa mwaka, na sidhani nimetia chumvi. Weka bima 1,200, maegesho ya miezi 11 dola 600, na tairi, maana tairi za RV huzeeka kwa umri hata kama hazijatembea. Umeshavuka 5,800 kabla hujawasha injini, ili uokoe 1,430. RV ina maana kwa anayeishi humo miezi mitano au sita kila mwaka. Kwa mwezi mmoja, ni nyumba ya pili inayosinzia chini ya turubai. Tena risoti kadhaa hazipokei RV iliyozidi miaka 10 mpaka zione picha zake, kwa hiyo ile ya bei nafuu huenda ikakataliwa getini.

Gofu sasa. Shemeji aliona picha ya majani mabichi katikati ya jangwa, akadhani ameshalipia. Neno gofu kwenye jina la risoti halimaanishi kucheza bure. Nyingine zina viwanja vya mashimo mafupi, kama Palm Creek ya Casa Grande yenye mashimo 18 ambayo mpira wa kwanza unatakiwa ufike palipo shimo. Viwanja hivyo ni vizuri kwa goti bovu, ila anayetaka uwanja mrefu atachoka navyo baada ya wiki. Uliza mambo matatu: ada ya kila mchezo kwa mkaazi, kama kuna kadi ya mwezi, na kama kigari kimo ndani ya bei. Kisha linganisha na risoti ya jirani isiyo na gofu. Kama moja ni 700 na nyingine 1,200, ile tofauti ya 500 inalipia michezo minane ya dola 60 kwenye uwanja wa manispaa. Tucson na Phoenix zina viwanja vya umma vyema kabisa. Papago wa Phoenix umekuwapo tangu 1963. Asiyecheza zaidi ya mara mbili kwa wiki hana sababu ya kukodi makazi kwa ajili ya majani.

Majani yenyewe yana majira. Nyasi ya Bermuda hulala ikawa kahawia wakati wa baridi, hivyo Septemba na Oktoba viwanja hufungwa kwa majuma machache ili ipandwe nyasi nyingine ya kijani juu yake. Baada ya hapo bei hupanda, na kilele ni Februari na Machi, kwa sababu mashindano ya gofu ya Scottsdale huwa Februari, na timu 15 za besiboli huja kufanya mazoezi karibu na Phoenix kuanzia katikati ya mwezi huo. Katikati ya Novemba nyasi ni mpya, mchana una joto zaidi ya Januari, na nafasi bado zipo. Anayetaka kuokoa pesa ahamishe mwezi wake hapo. Na acheze alasiri, ambapo viwanja vingi hupunguza bei.

Yapo ya afya, na haya nayasema kwa uzito kuliko ya pesa. Vumbi la Arizona lina kuvu inayoleta homa ya bonde. Wengi hupona wenyewe, lakini watu weusi, wenye kisukari na wajawazito wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua vikali. Kukivuma vumbi, ingia ndani ufunge madirisha. Ukikohoa majuma kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari wako wa kaskazini kwamba ulikuwa Arizona, kwani asipojua atakutibu nimonia ya kawaida. Medicare ya asili, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, hufanya kazi jimbo lolote, lakini mipango ya kampuni binafsi mara nyingi hukufunga kwenye hospitali za kwenu. Ndugu wa Kanada lazima wanunue bima ya safari, na kwa umri wao huenda ikawa gharama ya pili baada ya malazi.

Utasikia pia habari za Los Algodones, mji wa Meksiko ulio jirani na Yuma, ambako wastaafu huvuka kwa miguu kutengeneza meno na miwani kwa bei ndogo. Mwenye pasipoti ya Marekani aende. Mwenye kadi ya kijani aende nayo mfukoni. Mkimbizi, au yeyote mwenye kesi ya uhamiaji inayosubiri, asivuke kabla ya kuzungumza na mwanasheria, hata jino liume kiasi gani. Doria ya mpaka ina vituo vya ukaguzi hata ndani ya nchi, kwenye barabara za kutoka Yuma, kwa hiyo karatasi zako ziwe karibu siku zote.

Mwisho, umri. Risoti nyingi za aina hii ni za miaka 55 na kuendelea. Sheria ya shirikisho ya 1995 inaruhusu hivyo mradi katika angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa awemo mtu wa umri huo. Mjukuu anaweza kuja kusalimia, lakini siku zake huhesabiwa. Dada yangu alikuwa ameshamwahidi wa miaka sita wiki mbili za bwawa la kuogelea. Alipouliza, aliambiwa siku saba, na bwawa ni kwa saa mbili za mchana.

Alhamisi jioni alimpigia muuzaji kumwambia hapana. Wamelipa amana ya kijumba huko Casa Grande kuanzia tarehe 10 Novemba, siku 30 kamili, na tarehe ya mwisho ya kughairi bila kupoteza pesa imeandikwa kwenye risiti. Shemeji anaazima fimbo za gofu kwa rafiki. Kilichobaki ni tiketi, na kama mjukuu atasafiri nao au atafuata na mama yake wiki ya sikukuu ya Shukrani.