Audi za mbio: bei inashuka, gharama inabaki

Vitunguu swaumu vya Mbulu vinapouzwa vizuri, au ngano na maharage ya Hanang yanapopata mnunuzi wa uhakika, sehemu ya fedha hizo huishia kwenye gari. Wengi hununua Toyota na kumaliza mjadala. Wapo hata hivyo wanaovutwa na saluni za Kijerumani zenye injini kubwa, hasa wanapoona kuwa gari lililouzwa kwa bei ya kutisha likiwa jipya linatangazwa, baada ya miaka kumi na mitano, kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ya kawaida. Kwa nini bei inaporomoka kiasi hicho? Audi, ambayo Afrika Mashariki inaijua siku nyingi, inatoa jibu zuri.

Mwaka 1956, mbio za Safari zilipokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ushindi ulikwenda kwa DKW, gari dogo la Kijerumani lenye silinda tatu, ambalo oili yake ilichanganywa na petroli kama kwenye pikipiki za zamani. DKW ni mojawapo ya kampuni nne zilizoungana mwaka 1932 kuunda Auto Union, na pete nne za nembo ya Audi zinatokana na muungano huo. Mercedes-Benz nayo ilishinda mara tatu mfululizo, 1959 hadi 1961.

Mwaka 1987, mbio hizo zikiwa zimebaki Kenya peke yake, Audi 200 quattro ya Hannu Mikkola wa Finland ilimaliza ya kwanza na ya Walter Röhrl wa Ujerumani ikawa ya pili. Lilikuwa gari la kwanza linalovuta kwa magurudumu yote manne kushinda Safari. Nalo halikuwa gari la porini. Lilikuwa saluni ndefu ya aina ambayo mkurugenzi wa benki angekaa kiti cha nyuma akisoma gazeti.

Audi 200 quattro ya kawaida ya miaka hiyo ilikuwa na injini ya silinda tano, lita 2.1, yenye turbo na nguvu za farasi 182. Tairi zake zilikuwa za inchi 15, na springi zake zilikuwa za chuma. Fundi mzuri angeweza kufungua boneti na kuona karibu kila kitu alichohitaji kukigusa. Mwaka 1991 injini ya ukubwa unaokaribia huo iliwekwa kwenye gari jipya lililoitwa S4, nguvu zikafika 230, na mwaka 1994 jina likabadilishwa kuwa S6.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. S6 ya mwaka 1999 ilikuja na injini ya V8 ya lita 4.2 yenye nguvu za farasi 340. Ile ya mwaka 2006 ikaja na silinda kumi, lita 5.2, nguvu 435. Hiyo ndiyo inayostahili kuogopwa zaidi na mnunuzi wa mkoani. Minyororo ya taiming ya injini hiyo imewekwa nyuma, upande wa giaboksi, na ikianza kupiga kelele huna budi kuitoa injini nzima ili kuifikia. Kazi ya namna hiyo, pamoja na spea zake, inaweza kula sehemu kubwa ya bei ambayo gari lenyewe lilinunuliwa.

Toleo la mwaka 2012 lilirudi kwenye V8, lita 4.0, turbo mbili, nguvu 420, na lina uwezo wa kuzima silinda nne linapotembea taratibu ili kuokoa mafuta. Lakini springi za chuma ziliondoka, mahali pake ikaja mifuko ya hewa inayoendeshwa kwa kompyuta. Toleo la mwaka 2019 lenye V6 ya petroli ya lita 2.9 lilifika nguvu 450. Mwaka 2024 ikazinduliwa S6 e-tron, ya umeme mtupu.

Bei inashuka, basi, kwa sababu mnunuzi wa pili na wa tatu huko gari linakotoka ameshafanya hesabu ya matengenezo. Anayelipokea Katesh au Haydom anapokea hesabu hiyo pia, tena akiwa mbali na mashine za kupimia kompyuta za gari.

Barabara nazo zinatofautiana. Katesh iko kwenye lami ya Babati kwenda Singida, na huko saluni ya chini inaweza kuishi. Anayepanda Mbulu kutoka Mbuyu wa Mjerumani (jina la Mjerumani limetangulia njiani) anakuta zege kwenye mteremko mkali wa Magara, lakini pasipofikiwa na lami au zege, tope la masika halina urafiki na gari la chini lenye tairi nyembamba za inchi 19.

Kuna pia kodi. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka kadhaa hadi 2024, gari dogo lilitozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kama injini inazidi cc 2,000, ushuru mwingine wa asilimia 30 kama umri unazidi miaka kumi, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla. Gari lililothaminiwa shilingi milioni 20 hadi bandarini hulipiwa zaidi ya milioni 21, bila ada ndogondogo. Lenye injini ya lita mbili na umri usiofika miaka minane, kwa thamani ileile, hulipiwa karibu milioni 11. Ikumbukwe kwamba TRA ina thamani zake za magari yaliyotumika. Risiti ya bei ya kutupa haimlazimishi ofisa kuikubali.

Kwa mfanyabiashara wa Katesh anayetaka pete nne bila kugusa mtaji wa msimu ujao, A4 au A6 ya lita mbili, yenye springi za chuma na iliyokaguliwa na fundi mwenye mashine kabla ya fedha kutolewa, ndiyo inayohesabika. Wa Mbulu na Dongobesh asubiri lami.