Mafuriko yanayosubiri vifaranga

Septemba 1962, maofisa wa serikali nchini Marekani walitia sumu kwenye Mto Green, unaotoka jimbo la Wyoming kuingia Utah. Haikuwa ajali. Sumu yenyewe ilikuwa rotenoni, ileile iliyomo kwenye utupa ambao wavuvi haramu wa huku kwetu huuponda na kuutia mtoni. Takriban kilomita 700 za mto na vijito vyake zilitiwa dawa ili samaki wa asili, walioonekana takataka, wawapishe trauti, kitoweo cha wavuvi wa starehe, katika ziwa lililokuwa mbioni kuzaliwa nyuma ya Bwawa la Flaming Gorge.

Leo serikali hiyohiyo inafungulia maji ya bwawa hilohilo kuwaokoa waliosalia.

Mmoja wao kwa jina la kisayansi ni Xyrauchen texanus. Tumwite mgongo-wembe, kwa nundu kali iliyosimama nyuma ya kichwa chake. Hukaribia urefu wa mita moja, huweza kuishi zaidi ya miaka 40, na asili yake ni bonde la Mto Colorado peke yake, ambamo Green ni tawimto mkubwa. Mwaka 1991 aliingizwa rasmi kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Ajabu ni kwamba hakuwa tasa. Wazee walikuwa wakitaga. Watoto ndio hawakuonekana.

Mgongo-wembe hutaga kwenye changarawe majira ya kuchipua, theluji ya milimani inapoyeyuka. Kifaranga akitotolewa hafikii hata sentimita moja na nguvu za kuogelea hana, hivyo huchukuliwa na mkondo. Zamani mto ulifurika na kumwingiza kwenye mabwawa ya pembezoni, maji ya kina kifupi yenye joto na vijidudu tele vya kula. Kisha Bwawa la Flaming Gorge likayazuia maji ya theluji, matuta yakautenga mto na mabonde yake. Kifaranga akabaki katikati ya mkondo, njaa upande huu, midomo ya samaki wageni upande ule.

Miaka ya 1990 matuta kadhaa yalibomolewa. Haikutosha, kwa sababu saa ilikuwa imekosewa. Wahandisi walikuwa wakiachia maji ili yaende sambamba na kilele cha Mto Yampa, unaoingia Green chini ya bwawa. Kwa hesabu ya maji lilikuwa jambo la busara. Lakini mara nyingi mafuriko yalifika na kupita, ndipo vifaranga wakatokea.

Tangu 2012 utaratibu umegeuzwa. Watafiti hutega mitego ya taa kando ya mto usiku; wakishanasa vifaranga wa kwanza, ndipo maji huachiliwa. Napenda sana picha hii: ukuta wa zege wa mita 150 ukimngoja kiumbe usiyeweza kumwona bila kuinama. Wala maji hayo si bure, maana maji yanayozidi uwezo wa mitambo hupitishwa pembeni bila kuzalisha umeme.

Karibu na mji mdogo wa Jensen liko Stewart Lake, bwawa la pembezoni lenye lango na chujio. Vifaranga hupenya, karpi wakubwa, wageni walafi, hubaki nje. Lango hufungwa, maji huongezwa kiangazi kizima, na ikifika vuli hutolewa taratibu huku samaki wakihesabiwa na kurudishwa mtoni. Mwaka 2013 walitoka humo mamia ya mgongo-wembe wachanga waliozaliwa mtoni.

Wavuvi wa Mto Nzoia, magharibi mwa Kenya, wanaweza kuielewa habari hii haraka kuliko wengi. Samaki aitwaye ningu naye hupanda mito ya Ziwa Victoria wakati wa mvua kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, naye yumo hatarini kutoweka. Matuta ya Nzoia huko Budalangi yakipasuka tunahesabu nyumba na mashamba, na ni haki kabisa. Ningu simsikii akitajwa.

Mwaka 2021 ilipendekezwa mgongo-wembe ashushwe daraja la hatari. Nadhani ni mapema mno: wengi wa wakubwa walioko mtoni walilelewa vituoni wakaachiliwa. Na maji yenyewe hayana uhakika: mwaka uliofuata, kwa ukame, Flaming Gorge iliamriwa kupeleka maji zaidi Ziwa Powell, kwenye Mto Colorado, kina kisishuke mpaka mitambo ya umeme ya huko ikasimama.