Kariakoo Si ya Mzigo Tu

Sisi wenye maduka huku Idodi, mkoani Iringa, tunaijua Kariakoo ya Dar es Salaam kwa bei. Tunajua mtaa wa vitenge vya jumla, mtaa wa vyombo vya plastiki, na kijana gani wa guta atakufikishia robota lako salama. Mimi nauza vitenge na madaftari, kandokando ya barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, na kila nikimaliza kununua nalala siku moja zaidi mjini. Jumapili asubuhi maduka mengi yamefungwa, mikokoteni imepungua, mtu anapata nafasi ya kuinua macho. Ndipo natembea.

Anzia Mnazi Mmoja. Eneo lile halikuachwa wazi ili watu wapunge upepo. Waingereza waliugawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Katikati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha ukanda mtupu, kisingizio kikiwa afya, eti magonjwa ya Waafrika yasivuke. Ukitoka Mnazi Mmoja ukavuka Mtaa wa Lumumba unaingia Kariakoo, umekwishavuka mpaka ambao bibi na babu zetu hawakuvuka watakavyo.

Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na wapagazi wakapigishwa kambi hapo. Vita hivyohivyo vilipita kwetu pia, kwani Iringa iliangukia mikononi mwa Waingereza Agosti mwaka huohuo. Watu walibeba risasi na unga kichwani mamia ya maili, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, malaria na kuhara. Mimi ninayesafirisha mzigo kwa lori huwafikiria sana watu wale.

Ingia sasa mitaa ya ndani: Sikukuu, Narung'ombe, Swahili. Maghorofa yamejaa, lakini hapa na pale imebaki nyumba moja ya zamani, ya chini, bati limeshika kutu. Mbele kuna baraza. Ukiingia mlangoni kuna ukumbi mrefu, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na mwisho unatokea uani, penye jiko, choo na kamba za nguo. Bibi mmoja alinikaribisha barazani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta duka?"

Nilipomwambia natazama nyumba tu, alinionyesha boriti za mikoko juu ya ukumbi, nyeusi kwa moshi wa miaka, akaniambia kila chumba kilikuwa na kabila lake, na uani wote walipika pamoja. Kwa nyumba za namna hiyo wanawake wengi wa Dar es Salaam, wajane na walioachika, walipata kipato chao wenyewe: mwenye nyumba analala chumba kimoja, vitano vinalipiwa kodi. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko mnara wowote.

Kuna Mtaa wa Aggrey, ambao wengi tunapita kununua bila kujua Aggrey ni nani. James Aggrey alizaliwa Gold Coast, Ghana ya leo, akaenda Marekani mwaka 1898, akafundisha miaka mingi katika chuo cha Wamarekani Weusi huko North Carolina. Mwaka 1924 alipita Afrika Mashariki na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Mwafrika msomi, aliyeketi na Wazungu akazungumza nao kama mwenzao: vijana wa Dar es Salaam waliomwona waliondoka na jambo moyoni. Mwaka 1929 chama cha African Association kikaanzishwa, na Kleist Sykes akawa mmoja wa waasisi wake. Aggrey mwenyewe alifariki New York mwaka 1927.

Mji huo wa New York una Harlem yake, ambako Wamarekani Weusi waliotoka kusini walijazana kwa sababu kwingine walinyimwa nyumba. Wakaifanya kuwa mtaa wa waandishi, wanamuziki na wanasiasa. Muziki wao ulifika hadi kwetu: bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930. Leo wageni wanalipa kutembezwa Harlem kwa miguu, kila kona wakielezwa nani aliishi hapa na nani alihutubia pale.

Kariakoo ina haki hiyohiyo. Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, ndipo lilipokuwa jengo la African Association, na humo TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Jengo lile halipo tena. Palipo ofisi ndogo ya CCM ndipo penyewe. Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, alikuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo huku akiijenga TANU, na Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alipokelewa nyumbani kwake. Na kwa wapenda soka, Msimbazi wapo Simba, na mwendo mfupi kutoka hapo, Twiga na Jangwani, wapo Yanga.

Malizia sokoni. Beda Amuli alilibuni soko lile lililofunguliwa mwaka 1975, paa lake likiwa miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi chini. Liliungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa moja la maduka likaporomoka karibu na hapo, watu wakafa wakiwa kazini. Mahali panapojengwa kwa haraka namna hii, nyumba ya baraza haina mtetezi.

Naiomba Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iweke vibao vya maelezo Mnazi Mmoja, Lumumba na Aggrey, na ikubaliane na wenye nyumba kwamba walau chache za zamani zisivunjwe. Na wewe unayeshuka kutoka Iringa au Mbeya kufunga mzigo, lala hiyo siku moja. Wasalimie wazee wa barazani, waulize, wangali wapo.