Jinsi leza inavyorekebisha macho, na mahali inapokomea

KUNA watu ambao jambo la kwanza wanalofanya kila wanapoamka ni kupapasa mezani wakitafuta miwani. Bila miwani hiyo, uso wa mtoto aliyesimama mlangoni ni ukungu mtupu, na nambari ya matatu inayokuja haisomeki mpaka gari liwe limekwisha kupita.

Kwa watu kama hao, habari kwamba upo upasuaji wa dakika chache unaoweza kuwaondolea miwani huvutia mno. Upasuaji huo hufanywa kwa miale ya leza, na kwa miaka kadhaa sasa umekuwa ukipatikana katika baadhi ya hospitali za kibinafsi jijini Nairobi.

Hata hivyo, kabla ya mtu kuvunja akiba ya chama au kuchukua mkopo wa Sacco ili agharamie matibabu hayo, yafaa aelewe ni nini hasa ambacho leza hufanya ndani ya jicho. Akishaelewa hilo, hatashangaa kuona daktari mwaminifu akimrudisha mgonjwa nyumbani na miwani yake.

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho huitwa konea. Ni kioo angavu kilichobinuka mfano wa kioo cha saa. Nyuma yake kuna mboni, yaani tundu linalopitisha mwanga, kisha lenzi. Mwanga ukishapita humo hutua kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho, ambao hupeleka habari kwenye ubongo.

Wengi hudhani kwamba lenzi ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuupinda mwanga ili ukutane mahali pamoja. Ukweli ni kwamba takriban thuluthi mbili ya kazi hiyo hufanywa na konea. Nayo konea ni nyembamba ajabu: katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Kwa hivyo badiliko dogo katika umbo lake huathiri sana jinsi mtu anavyoona.

Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa imebinuka mno, mwanga hukutana kabla haujafika kwenye retina. Mtu mwenye hali hiyo husoma gazeti bila taabu, lakini vitu vya mbali humpotelea. Wataalamu huiita mayopia.

Hali ya pili ni kinyume chake. Jicho huwa fupi au konea huwa bapa, mwanga ukakosa kukutana kabla ya kufika kwenye retina, na mtu akataabika hasa kuona vitu vilivyo karibu naye.

Ya tatu ni astigimatizimu. Hapa konea haina mbinuko sawa pande zote. Badala ya kufanana na mpira, hufanana na mgongo wa kijiko. Mwanga hukosa kukutana mahali pamoja, na maandishi huonekana kana kwamba yana kivuli.

Aghalabu kasoro hizi tatu hazitokani na maradhi. Ni tofauti za vipimo na umbo tu. Miwani huzisahihisha kwa kuweka kioo kingine mbele ya jicho, ilhali leza huichonga konea yenyewe mpaka ikapata umbo linalofaa.

Kwa mwenye mayopia, leza hupunguza unene katikati ya konea ili iwe bapa zaidi. Kwa mwenye hali ya pili, huondoa tishu kwa mviringo, mbali na katikati, ili sehemu ya kati ibinuke. Na kwa mwenye astigimatizimu, huchonga upande mmoja zaidi ya mwingine.

Lakini inawezekanaje kukichonga kitu chembamba na laini kama konea bila kukiunguza?

Jibu lilianza kupatikana nchini Marekani mwaka wa 1981. Rangaswamy Srinivasan, mwanakemia mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alipeleka maabarani nyama ya bata mzinga iliyosalia baada ya Sikukuu ya Shukrani. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa wakiichunguza leza iitwayo eksaima, na aliielekeza kwenye nyama hiyo. Ilikata mkato safi, na nyama iliyouzunguka haikuungua.

Leza hiyo hutoa mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Mwanga huo huvunja viungo vinavyoshikanisha molekuli za tishu, nazo molekuli hizo huruka kama mvuke kabla joto halijasambaa. Kila mpigo mmoja huondoa takriban robo ya mikroni. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi.

Daktari wa macho Stephen Trokel wa New York alitambua faida ya ugunduzi huo, na mwaka wa 1983 yeye na Srinivasan wakachapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu konea. Mnamo 1988 Daktari Marguerite McDonald alifanya upasuaji wa kwanza wa aina hiyo katika jicho la binadamu lililokuwa likiona. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, Daktari Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, alianzisha njia iliyokuja kujulikana kote ulimwenguni kama LASIK.

Srinivasan, Wynne na Blum walituzwa nishani ya kitaifa ya teknolojia na Rais Barack Obama katika Ikulu ya Marekani mwaka wa 2013.

Katika njia ya LASIK, mgonjwa hulala chali akiwa macho. Hatiwi usingizi wala hadungwi sindano ya ganzi jichoni. Hutiwa matone yanayofisha maumivu, na kope zake hushikiliwa kwa kifaa ili asipepese. Kisha daktari hukata kijifuniko chembamba juu ya konea, chenye unene wa mikroni 100 hadi 120 hivi, na kukiacha kimeshikilia upande mmoja kama mlango kwenye bawaba.

Zamani kijifuniko hicho kilikatwa kwa wembe maalumu. Siku hizi aghalabu hukatwa kwa leza nyingine, ya femtosekunde, inayotoa mipigo mifupi mno. Gérard Mourou na Donna Strickland, waliobuni mbinu ya kuzalisha mipigo mikali na mifupi kama hiyo, walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2018.

Baada ya kijifuniko kufunuliwa, mgonjwa huambiwa aangalie taa inayomwekamweka, na leza ya eksaima huchonga konea. Aghalabu kazi hiyo haichukui hata dakika moja kwa kila jicho. Mashine hufuatilia jicho likisogea, na huacha kupiga likisogea mno. Kisha kijifuniko hurudishwa mahali pake, nacho hujishika bila kushonwa. Wengi huona vyema kufikia kesho yake.

Njia ya awali, iitwayo PRK, haina kijifuniko. Daktari hukwangua ngozi nyembamba iliyo juu ya konea, akachonga, na kuiacha ngozi hiyo iote tena kwa siku chache. Huwa na maumivu zaidi, na uwezo wa kuona hutengemaa polepole. Lakini kwa kuwa hakuna kijifuniko kinachoweza kusogezwa na pigo, njia hiyo huwafaa watu kama mabondia na wanajeshi. Ipo na ya tatu, SMILE, ambayo daktari hutoa kipande chembamba cha tishu kupitia tundu dogo la milimita chache.

Njia zote hizo zinafanana kwa jambo moja: tishu iliyoondolewa hairudishwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo sababu vipimo vya kabla ya upasuaji ndivyo vyenye uzito kuliko dakika zile chache za leza.

Hebu tupige hesabu. Nguvu za miwani hupimwa kwa dayopta, na kila dayopta moja huhitaji kuondolewa kwa mikroni 12 hadi 16 hivi za konea. Tuchukue 14.

Mtu mwenye konea ya mikroni 540 na mayopia ya dayopta 5 atatumia 110 kwa kijifuniko na 70 kwa kuchongwa. Atabakiwa na 360 chini ya kijifuniko. Lakini mwenye konea ya mikroni 480 na mayopia ya dayopta 9 atabakiwa na 244 pekee. Madaktari hutaka zibaki angalau 250, na wengi husisitiza 300. Kwa huyu wa pili, LASIK ni hatari.

Konea iliyopunguzwa kupita kiasi inaweza kudhoofika na kufutuka, na mtu akaishia kuona vibaya kuliko alivyokuwa akiona awali.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea kuwa nyembamba na kuchongoka mfano wa pia. Ugonjwa huu huhusishwa na mzio wa macho na tabia ya kufikicha macho, na mzio wa aina hiyo huwapata watoto wengi katika eneo hili la Afrika Mashariki. Katika hatua zake za mwanzo huweza kufanana na astigimatizimu ya kawaida. Bila mashine ya kuchora ramani ya konea, daktari anaweza kupitwa nao. Kliniki isiyo na kipimo hicho haifai kumpasua mtu yeyote kwa leza.

Wengine wasiofaa ni walio chini ya umri wa miaka 18, wajawazito na wanaonyonyesha, watu ambao nguvu za miwani yao zingali zikibadilika, wenye macho makavu mno, na wenye baadhi ya magonjwa ya kinga ya mwili. Anayevaa lenzi za kubandika jichoni hutakiwa kuziacha kwa wiki moja au zaidi kabla ya kupimwa, kwa kuwa zinaweza kubadilisha umbo la konea.

Umri mkubwa nao una suala lake. Mtu anapopita miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa, na kusoma maandishi madogo humwia vigumu. Upasuaji wa konea hauirudishii lenzi hiyo ulaini wake.

Wenye mayopia wa umri huo wana nafuu ambayo wengi hawaitambui: huvua miwani na kusoma bila kifaa chochote. Mwandishi wa makala haya, aliye katika miaka ya hamsini, hufanya hivyo kila anapohakiki kurasa. Akirekebishwa macho yote mawili ili yaone mbali, atapoteza nafuu hiyo na kulazimika kununua miwani ya kusomea. Ni heri mtu alijue hilo kabla ya kulipa.

Kuhusu madhara, linalowapata wengi ni macho kukauka kwa wiki au miezi kadhaa. Baadhi huona miviringo ya mwanga kuzunguka taa usiku, jambo ambalo dereva wa lori katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa hana budi kulipima. Maambukizi hutokea kwa nadra, lakini ni mabaya yakitokea. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa matone ya kuua viini na kukatazwa kuogelea na kufikicha macho.

Lipo jambo jingine ambalo halitajwi katika matangazo. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huwapata watu wenye asili ya Kiafrika zaidi ya jamii nyingine nyingi, na hupofusha kimyakimya. Njia moja ya kuigundua ni kupima shinikizo la jicho kupitia konea. Konea ikishachongwa ikawa nyembamba, kipimo huonyesha shinikizo la chini kuliko lilivyo. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa alipasuliwa kwa leza anaweza kumwambia yu salama, kumbe ugonjwa unaendelea.

Hali kadhalika, mtu huyo akipata mtoto wa jicho uzeeni na kuhitaji kuwekewa lenzi mpya, hesabu ya kuchagua lenzi hiyo hutegemea umbo la konea, na vipimo vya zamani humsaidia sana daktari. Kwa hivyo aliyepasuliwa aombe nakala ya vipimo vyake vya kabla na baada ya upasuaji, na aihifadhi pamoja na hati ya shamba na cheti cha kuzaliwa.

Tena, leza haifupishi jicho lililo refu. Mwenye mayopia kali angali katika hatari ya retina kubanduka hata akiwa havai miwani tena. Akiona vimulimuli vya ghafla au pazia jeusi likishuka jichoni, akimbilie hospitalini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba angalau bilioni moja kati yao wana upungufu ambao ungeweza kuzuiwa au ambao haujashughulikiwa. Wengi wa hao wanachokosa ni miwani tu.

Mtoto anayekaa dawati la nyuma asione yaliyoandikwa ubaoni hahitaji leza, wala umri wake haumruhusu. Anahitaji mwalimu atakayetambua kwamba anakunja uso kila anapotazama mbele, na mzazi atakayempeleka kupimwa.

Kwa mtu mzima ambaye vipimo vyake vinamruhusu, leza ni tiba iliyokwisha kuthibitishwa, na wengi waliopasuliwa wameridhika. Ambaye hazimruhusu konea zake asione haya kuendelea na miwani yake. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.