Siku Mbili Mji Mkongwe: Pesa Yako Iende Wapi?

Anayepanga kwenda Unguja kwa mapumziko mafupi huanza na swali moja: chumba shilingi ngapi? Swali lenyewe ni la haki, ila ndani ya Mji Mkongwe halimfikishi mtu mbali. Mji huu, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, una majumba ya mawe yaliyogeuzwa hoteli za kifahari mbele ya bahari, na una nyumba ndogo za wageni zilizojificha vichochoroni. Bei ya huku na ya kule hupishana mara nne, mara tano, hata zaidi.

Wengi hawalioni jambo moja. Hoteli ya ufukweni inakuuzia vitu viwili kwa mkupuo, kitanda na mandhari. Katika mji huu vitu hivyo hununulika kila kimoja peke yake. Unaweza kulala Mkunazini kwa bei ya kawaida, na magharibi ukakaa juu ya paa la jumba la kale au kwenye baraza ya Shangani, ukatazama jua likizama kwa bei ya kinywaji kimoja. Ukilikubali hilo, hesabu yote ya safari hubadilika.

Chagua mtaa kabla ya hoteli

Mji Mkongwe ni mdogo. Kutoka bandarini Malindi, zinakofunga boti za Dar es Salaam, hadi Shangani ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. Kwa hiyo umbali usikutishe. Angalia mtaa unakupa nini.

Shangani ndiko kwenye bei za juu. Hapa ndipo ilipo Serena, hapa ndipo ilipo Tembo, na hapa ndipo Park Hyatt ilipofungua milango mwaka 2015 katika jumba la Mambo Msiige. Unalipia bahari, bwawa la kuogelea, na barabara inayofikisha gari karibu na mlango. Kwa wanaojali, Tembo haiuzi pombe, jambo linaloifanya ipendwe na familia nyingi.

Kiponda na Hurumzi ziko ndani ya mji. Hapa majumba ya matajiri wa zamani yamefanywa hoteli za vyumba vichache, kila kimoja na sura yake. Emerson on Hurumzi imo katika jumba lililokuwa la Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa wa karne ya 19. Bei ni za kati kwenda juu. Unachonunua ni samadari, dari ya boriti, rangi za kale na paa refu lenye upepo. Bahari utaiona kutoka juu, hutaikanyaga mlangoni.

Mkunazini na Vuga ndiko kwenye nyumba za wageni za bei nafuu zenye heshima yake. St Monica's Lodge, kwa mfano, iko pembeni mwa kanisa kuu la Anglikana, pale palipokuwa soko la watumwa. Soko la Darajani liko jirani, na chakula cha wenyeji kiko hatua chache. Malindi nayo inamfaa mwenye boti ya alfajiri, ingawa shughuli za bandari humfanya mtu wa usingizi mwepesi ajute.

Nje ya Mji Mkongwe, Mazizini na upande wa uwanja wa ndege, utapata vyumba vya bei ya chini zaidi, vingine vikubwa na vipya. Hivyo tutavipima mbele.

Chumba kizuri kina maswali yake

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ngazi kali. Nyingi hazina lifti. Chumba cha juu kina upepo na mandhari, na pia kina ngazi nyingi za kupanda kila unaposahau kitu chini. Mwenye mzee au mtoto mchanga aombe ghorofa ya kwanza, aombe kabla ya kulipa.

Swali la pili ni dirisha. Baadhi ya vyumba vya bei nafuu dirisha lake linatazama uani au ukuta wa jirani, na picha za mtandaoni hazilisemi hilo. Uliza chumba kinaangalia wapi.

Swali la tatu ni kiyoyozi, na jibu lake hutegemea pepo. Wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, kuta zile nene pamoja na feni ya darini zinatosha. Usiongeze pesa kwa ajili ya baridi usiyoihitaji. Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, joto na unyevunyevu huingia mpaka kwenye shuka, na chumba cha feni peke yake ni cha kuvumilia tu. Hapo lipia kiyoyozi, kisha uulize kama jenereta inakiendesha umeme ukikatika au inawasha taa tu.

La nne ni sauti. Misikiti ni mingi na adhana ya alfajiri huingia karibu kila chumba. Kwa anayeamka kuswali ni faida isiyolipiwa. Anayetaka kulala hadi saa 3 achukue chumba cha ndani.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Bei ya kwanza utakayoona mara nyingi ni ya mgeni wa nje. Hoteli nyingi zina bei ya mkaazi, lakini haziitangazi mpaka uiulize. Piga simu au tuma ujumbe, sema unatoka wapi, na uje na kitambulisho. Omba bei kwa shilingi: kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangaziwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni.

Uliza pia kama bei imejumuisha kodi zote. Kuna kodi ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hutozwa unapofika mapokezi, nje ya kile ulicholipa mtandaoni. Mgeni asiye Mtanzania aongeze bima ya lazima ya dola 44, iliyoanza Oktoba 1, 2024.

Kisha wapo papasi, madalali wa mitaani wanaowinda wageni. Papasi atakupokea bandarini kwa bashasha, atabeba begi, atakuonyesha chumba, na kamisheni yake hoteli itaipata kutoka mfukoni mwako. Ukiwa umeshaagiza chumba, mwambie hivyo kwa upole na uendelee na safari yako. Magari hayaingii vichochoroni, hivyo mwenye mizigo mingi aiombe hoteli yake imtume mtu wa kumpokea. Nyumba nyingi za wageni hufanya hivyo bila malipo zikiambiwa mapema.

Kifungua kinywa nacho kina hesabu. Hoteli nyingi hukiingiza katika bei, na ukipata mkate, matunda, mayai na vitumbua, chakula cha mchana kinaweza kuwa kidogo. Ila anayeondoka na boti ya saa 1 asubuhi atakuwa bandarini kabla jiko halijawashwa. Omba wakufungie cha njiani, la sivyo umekilipia na kukiacha.

Kula: ngazi nne

Ngazi ya chini kabisa ndiyo yenye ladha ya mji. Urojo, wenye bhajia, kachori, viazi, mishikaki na chipsi za muhogo ndani ya mchuzi wa ukwaju au embe, ni mlo kamili kwa bei ya soda mbili tatu. Kahawa chungu ya kijiwe cha Jaws Corner, kwa vikombe vidogo na kashata, inakuja na siasa za siku hiyo bure.

Ngazi ya pili ni sehemu za kula za wenyeji. Lukmaan, kwenye mbuyu wa Mkunazini, inakupa faida kubwa ambayo mkahawa wa menyu hauna: vyakula vipo mbele yako. Unaona pilau, wali wa nazi, samaki wa kupaka na pweza kabla ya kuagiza, na unaweza kuuliza bei ya kila kitu. Passing Show, upande wa Malindi, inajulikana kwa biriani na pilau, na inafaa zaidi mchana. Sehemu za namna hii hazina pombe, na usiku chakula huwahi kwisha.

Ngazi ya tatu ni Forodhani. Bustani ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kila jioni hujaa meza za mishikaki ya samaki, kamba, pweza, miwa ya kukamuliwa na tangawizi na ndimu, na ile inayoitwa pizza ya Zanzibar. Wengi hudhani ndipo penye chakula rahisi kuliko kote. Sivyo. Ukichukua kijiti kimoja kimoja bila kuuliza, bili ya watu wawili inaweza kuipita ya Lukmaan kirahisi. Kanuni ni tatu: uliza bei kabla ya sahani kujaa, chagua meza yenye wateja wengi wenyeji, na waombe wachome mbele yako. Vyakula vya baharini vilivyopangwa tangu magharibi havikai vizuri hadi saa 4 usiku. Pizza na juisi ya miwa hutengenezwa papo hapo, hivyo hazina wasiwasi huo.

Ngazi ya nne ni mapaa na baraza za hoteli. Kwenye paa la Emerson on Hurumzi wageni hukaa chini juu ya mito, na mlo wa jioni huagizwa mapema. Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza wakati wa ukoloni, ina baraza inayotazama machweo moja kwa moja, na kinywaji kimoja kinatosha kukukalisha. Hapa ndipo pa kutumia pesa uliyookoa kwenye chumba, mara moja tu. Paa la pili litakuonyesha jua lile lile.

Tupige hesabu

Namba hizi ni za mfano, kwa watu wawili na usiku mbili. Weka zako ulizopata kwa simu. Kodi ya kila usiku haimo.

*Mpango wa kwanza, kila kitu hotelini Shangani.* Chumba 400,000 mara mbili ni 800,000. Milo miwili ya jioni kwa 60,000 kila mtu ni 240,000. Mchana mmoja kwa 45,000 kila mtu ni 90,000. Jumla shilingi 1,130,000.

*Mpango wa pili, kulala Mkunazini.* Chumba 110,000 mara mbili, pamoja na kifungua kinywa, ni 220,000. Mchana mmoja na jioni moja kwa wenyeji, 12,000 kila mtu kwa kila mlo, ni 48,000. Jioni moja juu ya paa kwa 100,000 kila mtu ni 200,000. Vinywaji vya machweo siku nyingine, 30,000. Jumla shilingi 498,000.

*Mpango wa tatu, kulala nje ya mji.* Chumba 60,000 mara mbili ni 120,000, hakina kifungua kinywa. Chai ya asubuhi mara mbili ni 20,000. Teksi mara nne kwa 15,000 ni 60,000. Tumeshafika 200,000, pungufu ya 20,000 tu ya malazi ya Mkunazini, na bado hujahesabu saa ulizokaa njiani wala usiku uliorudi mapema kwa kuogopa kukosa usafiri. Cha rahisi hapa kimekuwa ghali. Mpango huu humfaa mwenye ndege ya alfajiri, au anayejua kupanda daladala, maana ya namba 505 huenda hadi uwanja wa ndege kwa nauli ndogo sana.

Nani achague nini

Wazee na wenye watoto wadogo wana sababu ya kweli ya kulipia Shangani: gari linafika karibu na mlango na watoto wana bwawa. Maharusi wanaotaka chumba chenyewe kiwe kumbukumbu waende Hurumzi au Kiponda, kwa kuwa watakaa chumbani kweli. Anayesafiri peke yake, marafiki, na yeyote atakayekuwa nje tangu asubuhi hadi usiku, pesa ya chumba kikubwa itapotea akiwa matembezini. Achukue Mkunazini au Vuga.

Majira nayo huigeuza hesabu. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, hoteli hupunguza bei, na hapo chumba cha Hurumzi kinaweza kushuka karibu na cha Mkunazini cha Agosti. Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, vyumba hujaa na hakuna wa kukupunguzia. Mwezi wa Ramadhani sehemu za wenyeji hufungwa mchana, na asiyefunga hulazimika kula hotelini. Achague yenye mkahawa unaohudumia wageni mchana, au apange nyumba yenye jiko ajipikie. Jioni mji hufufuka kwa futari, na chakula cha mitaani huwa kingi kuliko mwezi wowote.

Kati ya mpango wa kwanza na wa pili kuna tofauti ya shilingi 632,000. Kabla hujazimaliza kwa kupanda daraja la chumba, kumbuka kwamba usiku wa ziada Mkunazini ni 110,000. Siku mbili zinatosha Ngome Kongwe, Darajani na Forodhani, lakini haziachi asubuhi ya kwenda Kisiwa cha Changuu wala alasiri ya kupotea vichochoroni bila ratiba. Kwa mji kama huu, pesa ya ziada inanunua zaidi ikinunua siku ya tatu.