Maji ya Chumvi na Sukari kwa Mgonjwa wa Kuhara: Tuanze na Maji Yenyewe

Vijiji vyetu vingi vya Bukoba na Muleba vimekaa juu ya miinuko, katikati ya migomba, nazo chemchemi ziko chini mabondeni. Mvua za masika zinapoteremka, kila kilichoachwa juu hushuka nazo: samadi ya zizini, uchafu wa njiani, na mara nyingine maji ya vyoo vilivyofurika. Maji yanayochotwa asubuhi yake huweza kuonekana maangavu kabisa, tena yakawa baridi na matamu, kumbe yamebeba vimelea visivyoonekana kwa macho. Ndugu zetu wa visiwani, Bumbire, Goziba, Ikuza na kwingineko, wana shida ya namna yao: ziwa ndilo kisima, ndilo bafu, na katika kambi za uvuvi zisizo na vyoo vya kutosha ndilo pia hupokea yale yasiyopaswa kuingia humo.

Mtoto anapoanza kuhara, wazazi wengi wanajua la kufanya: kumpa maji yenye chumvi na sukari. Ujuzi huu umefundishwa kliniki na katika mikutano ya akina mama kwa miaka mingi, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mara nyingi mafundisho hukazia chumvi na sukari, na maji yakatajwa kwa neno moja tu, kwamba yawe "safi". Mgonjwa hunywa lita nzima ya maji hayo kwa siku moja, pengine zaidi. Kama yana vimelea, tunamrudishia kwa kikombe ugonjwa uleule tunaotaka kumwondolea. Kwa sababu hiyo makala hii itakaa zaidi kwenye maji.

Kwanza tueleze kwa nini mchanganyiko huu hufanya kazi, maana anayeelewa sababu hakosei kipimo kwa urahisi. Mtu anayehara sana hafi kwa kuhara kwenyewe. Anakufa kwa kukaukiwa maji na chumvi za mwili. Ukimpa maji matupu, utumbo unaouma huyapokea kidogo na mengi hutoka. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba sukari na chumvi huingia mwilini pamoja kupitia mlango mmoja, na vinapoingia huvuta maji nyuma yake. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu. Sukari katika kikombe cha mgonjwa, basi, ndiyo inayoifungulia chumvi njia. Haiwekwi kwa ajili ya utamu.

Ushahidi mkubwa ulipatikana mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu huku wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni. Akaagiza chumvi, glukosi na magadi vipimwe, vichanganywe na maji katika mapipa yenye bomba, na ndugu za wagonjwa wapewe vikombe wawanyweshe wao wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia watu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya wanne. Tuangalie vizuri nani aliyefanya kazi hiyo: ni mama, kaka na jirani aliyekaa karibu na mgonjwa akiwa na kikombe mkononi.

Jirani zetu walionja upande wa pili wa habari hii. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliofika Goma, mashariki mwa Kongo, walijikuta juu ya ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika vyoo, wakichota maji ya Ziwa Kivu bila kuyatakasa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Dawa ya kurudisha maji mwilini ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya miaka 20. Kilichokosekana ni maji salama kwa wingi, na mikono ya kutosha ya kuwanywesha wagonjwa mapema.

Namna ya kuyaandaa maji

Njia ya uhakika zaidi kwa nyumba ya kawaida ni kuchemsha. Maji yachemke mpaka yabubujike kwa nguvu sufuria nzima, kisha yaachwe yaendelee hivyo kwa dakika moja. Mvuke mdogo wa pembeni hautoshi. Wengine huuliza kama huku kwetu milimani yapasa kuchemsha muda mrefu zaidi. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi karibu 96, si 100. Lakini joto hilo linatosha kabisa kuua vimelea vya kuhara. Dakika tatu hushauriwa kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Kuyachemsha maji nusu saa ni kuteketeza kuni na mkaa bila faida, na kwa kweli gharama ya kuni ndiyo inayowafanya wengi waache kuchemsha kabisa.

Kama maji yana tope, yachujwe kwanza. Chukua kitambaa safi cha pamba, khanga iliyochakaa inafaa sana, kikunje mara kadhaa na kumimina maji polepole. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa vijiji vilivyochuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vimelea hivyo hujishikiza kwenye vijidudu vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Ndugu wa visiwani na wakazi wa mwambao wanaochota ziwani walitilie hili maanani. Hata hivyo, nusu si yote. Kuchuja ni hatua ya kwanza, na kuchemsha au kutia dawa lazima kufuate.

Dawa ya klorini, ya vidonge au ya maji, nayo ni nzuri, hasa mahali ambapo kuni ni adimu. Soma maelezo ya pakiti, kwa kuwa kidonge kilichotengenezwa kwa ndoo ya lita 20 si cha dumu la lita 5, na kukikata kwa kisu ni kubahatisha. Koroga, funika, subiri dakika 30. Harufu kidogo ya klorini baada ya hapo si sumu; ni dalili kwamba dawa ingalipo na inaendelea kulinda maji. Mtoto akiikataa harufu hiyo, maji yaachwe wazi kwa muda mfupi katika chombo safi chini ya kitambaa.

Njia ya kuweka maji maangavu katika chupa za plastiki juani kwa saa 6 hufaa, lakini siku ya mawingu huhitaji siku mbili. Katika masika ya Kagera, mgonjwa hawezi kusubiri hivyo. Maji ya mvua ya bati ni bora kuliko ya bonde, ilimradi mvua ya kwanza iachwe ioshe paa lenye vinyesi vya ndege, nayo pia yachemshwe kabla ya kunywewa.

Hapa panatokea kosa ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Maji huchemshwa vizuri, kisha humiminwa katika mtungi usiooshwa, na kila apitaye huchota kwa kikombe kilekile huku vidole vikigusa maji. Katika misiba yetu, ambako watu wengi hukusanyika na kula pamoja, ndoo moja na kikombe kimoja huzunguka nyumba nzima. Maji ya kunywa yakae katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye koki, kifunikwe, na yamiminwe pasipo kuchovya kitu. Kibuyu chirizi chenye sabuni kando yake kiwekwe karibu na choo na karibu na jiko. Anayechanganya dawa ya mgonjwa anawe mikono kabla ya kugusa chochote.

Je, itakuwaje mtoto akianza kuhara usiku na nyumbani hakuna maji yaliyochemshwa? Asikaushwe kwa kungojea. Washa moto mara moja, chemsha lita moja na kidogo, funika sufuria na uisimamishe ndani ya beseni la maji baridi ili ipoe upesi, ukiangalia maji ya beseni yasiingie. Wakati huohuo mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Na kama hakuna moto wala dawa kwa namna yoyote, tumia maji bora kuliko yote uliyo nayo, kwa kuwa kukaukiwa kunaua kwa saa chache. Ni afadhali zaidi nyumba yenye watoto isikose chupa ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

Kipimo

Penye pakiti ya ORS ya zahanati, itumike hiyo. Ina chumvi, glukosi, na pia potasiamu na sitreti ambavyo mchanganyiko wa nyumbani hauna. Yote imiminwe katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Wapo wanaoimimina pakiti ya lita moja katika glasi moja wakidhani dawa kali hufanya kazi haraka, na kumbe chumvi nyingi namna hiyo humdhuru mtoto vibaya.

Pasipo pakiti, kwa lita moja ya maji yaliyopoa weka vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu, si vya kichuguu. Lita moja ni chupa mbili za maji za nusu lita. Onja kwanza: chumvi isizidi ile ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya. Usichemshe tena baada ya kuchanganya.

Soda, juisi za dukani na omuramba wetu mtamu havishiki nafasi hii. Sukari yake ni nyingi mno. Huvuta maji kutoka mwilini kuja tumboni na kuhara huzidi, na omuramba mara nyingi umetiwa maji ambayo hayakuchemshwa. Ndizi mbivu iliyopondwa, kwa upande mwingine, ni chakula kizuri kwa mgonjwa kwa kuwa ina potasiamu ambayo mchanganyiko wetu wa nyumbani unakosa. Mgonjwa aendelee kula. Kumfungisha mtoto anayehara ni kumdhoofisha.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, yaani robo hadi nusu ya kikombe kidogo, kwa kijiko. Wa miaka 2 hadi 10 apewe mara mbili ya hapo, na mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Zahanati humpa mtoto pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Visiachwe njiani kwa kuwa kuhara kumekoma.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe na apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kukawia. Vilevile yeyote ambaye macho yamedidimia, analia bila machozi, hakojoi, amelegea asiweze kunywa, au anatoa damu katika haja. Rubya, Kagondo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba au zahanati iliyo karibu: kikombe kiendelee kutolewa njiani kote.

Kwa sisi wa Kagera kuna jambo moja la kuongeza. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Bukoba. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao kufariki. Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo. Nao huja na homa, kutapika na kuhara, na kurudishiwa maji mwilini ni sehemu muhimu ya matibabu yake. Lakini hupita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa. Mtu mwenye homa kali ya ghafla pamoja na kuhara, hasa akitoka damu, asihudumiwe kwa mikono mitupu hata na wanajumuiya wema waliokuja kumtazama. Wahudumu wa afya waitwe kwanza.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu hukutana nyumba kwa nyumba kila juma, na WAWATA wana utaratibu wa kuwatembelea wagonjwa. Huko ndiko kipimo hiki kinaweza kufundishwa kwa vitendo, kwa kijiko na chupa halisi, kila mmoja akionja mwenyewe. Kumnywesha mwenye kiu kumetajwa na Bwana katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, na katika nyumba ya mwenye kuhara neno hilo lina maana ya moja kwa moja kabisa.

Mchanganyiko ufunikwe na uwekwe mahali pa baridi. Andika saa ulipoutengeneza. Ukitimiza saa 24, kilichobaki kimwagwe, chupa ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, na lita nyingine itengenezwe.